Kisahani cha mtoto mwenye mdomo sungura na safari ya kilomita 13,000

Mzazi wa Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania, aliyejifungua mtoto mwenye mdomo sungura, uliopasuka hadi kwenye kaakaa, akisikia kwamba kuna kisahani cha plastiki kinachovalishwa kinywani kabla ya upasuaji, huingiwa na hofu kwamba asipokipata mwanawe amenyimwa tiba. Wataalamu wenyewe hawajaafikiana kuhusu kisahani hicho, na nadhani wale wanaosema kwamba si cha lazima wameeleweka vibaya.

Wanaokitetea wana hoja. Katika wiki za kwanza gegedu ya pua ya mtoto bado ni laini, kwa hiyo kisahani chenye kitegemeo cha pua, njia iliyoenezwa na Barry Grayson na wenzake wa New York katika miaka ya 1990, husogeza pande mbili za ufizi zikaribiane na kuinua pua iliyolala, na daktari anaposhona mdomo hukuta nafasi ndogo zaidi ya kuziba.

Hata hivyo, huko Uholanzi, katika utafiti ulioanza miaka hiyo hiyo, watoto 54 waligawanywa kwa kura, wengine wakavalishwa kisahani na wengine wasivalishwe. Waliovaa hawakunyonya vizuri zaidi wala kuongezeka uzito kuliko wenzao, na nafuu iliyoonekana kwenye umbo la ufizi haikudumu. Haki inataka niseme kwamba kisahani chao hakikuwa na kitegemeo cha pua, hivyo kuhusu pua utafiti huo hauamui neno. Kuhusu kula, ambako ndiko mtoto mchanga anakopona au kupotea, unaamua.

Sasa tuipime safari. Kisahani hurekebishwa kila wiki au kila wiki mbili, kwa miezi mitatu au zaidi. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Familia inayolazimika kufuata huduma hiyo huko, ikienda na kurudi mara 12 tu, imekata zaidi ya kilomita 13,000 na mtoto ambaye hajafikisha miezi sita, na hapo sijahesabu njia ya kutoka Newala hadi Mtwara mjini. Barabara ni ile ile iliyokatika upande wa Somanga mvua na kimbunga Hidaya vilipopiga Mei 2024. Nauli, chakula cha njiani, siku za palizi zilizopotea, watoto wengine walioachiwa bibi: vyote hivyo hulipwa na mama yule yule anayetakiwa akamue maziwa kila baada ya saa chache, kwa kuwa mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hawezi kuvuta titi.

Maziwa hayo, akinyweshwa kwa kikombe au chupa laini ya kubinywa, huku ameinuliwa kichwa na kucheulishwa mara kwa mara, ndiyo yanayomfikisha kwenye kilo zinazohitajika ili ashonwe mdomo akiwa na miezi mitatu hadi sita. Muuguzi wa zahanati aliyefundishwa vizuri anaweza kumwonyesha mama kazi hiyo kwa asubuhi moja, kisha akafuatilia uzito kwenye kadi ya kliniki.

Wala simfukuzi daktari wa kupanga meno, ambaye ndiye mwenye kazi ya visahani hivi. Kuna umri ambao hana mbadala, nao ndio tunaousahau. Mpasuko wa ufizi huzibwa kwa kupandikiza mfupa, kwa kawaida mtoto akiwa na miaka 8 hadi 11, kabla jino la chonge halijaota, ili lipate mfupa wa kupitia. Mara nyingi daktari huyo huitanua taya kwanza kwa waya. Lakini mdomo ukishashonwa, kijijini husemwa kwamba mtoto amepona, na harudi tena. Ningekuwa na nauli za kugawa, ningezitunza kwa ajili ya mtoto huyo, na siku anaporuhusiwa baada ya kaakaa kufungwa ningeandika kwenye kadi yake, kwa kalamu nzito, kwamba arudishwe akiwa darasa la pili.