Huku Mtwara ngumi bado

Eti vijana wa Kitanzania wamezipa ngumi kisogo na kuhamia MMA (mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka). Labda wa Dar. Banda umiza (kibanda cha kuonyeshea mechi) la mtaani kwetu hapa Mtwara, akipanda bondia wetu Mwakinyo watu wanachungulia hadi dirishani, na msimu wa korosho ndiyo usiseme. MMA mwenye banda alijaribu mara moja tu: mapambano makubwa ya Las Vegas kwetu yanaangukia Jumapili alfajiri, na walio macho muda huo ni wavuvi, nao wako baharini. Halafu wazee hawaielewi. Kwenye ngumi ukianguka unahesabiwa. Kule ukianguka ndiyo kwanza unakaliwa kifuani na kuongezewa (babu yangu alisema huo ni ugomvi, waamuliwe). Francis Ngannou, mpiganaji wa MMA kutoka Cameroon, kweli anajulikana hadi vinyozini, lakini tangu lini? Tangu Oktoba 2023 alipomdondosha bondia Tyson Fury raundi ya 3, tena kwenye ngumi, na akanyimwa ushindi kwa pointi! Ubingwa wake wa 2021 wa UFC, ligi kubwa ya MMA, huku nani aliuzungumza? Wa Lindi na Masasi, kwenu kuna kijana yeyote anayefanya mazoezi ya MMA kweli, siyo karate?