Vali na msuli wa moyo: kipi kilianza kuugua?

Mama muuza ndizi anapanda kilima cha Kadutu, hapa Bukavu, beseni kichwani. Mwaka jana alikuwa anafika juu bila kusimama. Sasa anatua mzigo mara tatu, anahema, na usiku hawezi kulala chali. Hospitalini anaambiwa, "Moyo umepanuka." Wengi huishia hapo. Kwangu hilo ni nusu ya jibu.

Kuna moyo uliopanuliwa na vali, yaani mlango unaozuia damu kurudi nyuma. Koo la utotoni halikutibiwa, kinga ya mwili ikapambana na bakteria wa streptokoki, kisha, katika kile kinachoitwa homa ya rumatizimu, ikaigeukia vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, nayo ikawa nene na haifungi. Kila pigo linarudisha damu nyuma, na chumba cha kushoto kinabeba mzigo wa ziada miaka mingi hadi msuli unalegea. Kuna pia moyo ulioanza kuugua msuli, kwa mfano baada ya kujifungua. Chumba kikitanuka, kinavuta kamba za vali, na majani yake, yaani vipande vinavyofunga na kufungua, ingawa ni mazima, hayakutani tena. Damu inavuja vilevile.

Tuzibe vali au tutibu msuli? Mwaka 2018 tafiti 2 zilipima kibanio cha kushikanisha majani ya vali kwa wagonjwa wa aina hii ya pili. MITRA-FR, wa Ufaransa, haukuona faida baada ya mwaka 1. COAPT, wa Marekani na Kanada, ulikuta vifo 29% kwa waliowekewa kibanio, badala ya 46% kwa waliopewa dawa tu, katika miaka 2. Kinachonishawishi ni kwamba COAPT ulichukua watu waliokwisha kupewa dawa za kutosha, na ambao bado vali ilivuja sana. Basi msuli ukitangulia, dawa zianze.

Vali ikitangulia, hatari ni kungoja. Ripoti inaandika nguvu ya moyo, yaani sehemu ya damu ya chumba inayosukumwa kila pigo, 55%, familia inashukuru Mungu. Lakini vali inayovuja inaupa moyo njia nyepesi ya kusukuma damu nyuma, hivyo namba inapendeza kuliko hali yenyewe. Ikishuka chini ya 60%, msuli umeshaanza kuchoka.

Wapo wanaosema upasuaji ni ghali mno, kwa hiyo kujua chanzo hakusaidii kitu. Siwakubalii. Aliyeharibiwa vali na homa ya rumatizimu anahitaji sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 ili homa isirudi. Aliyeugua msuli baada ya kujifungua anahitaji dawa za msuli, na kuambiwa ukweli kabla ya mimba nyingine. Ndiyo maana, siku ya ekografia, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mama yule amuulize daktari: majani ya vali yangu ni manene na yameshikana, au ni membamba na yanavutwa tu?