Mgahawa mdogo wa mboga wa Kyoto umpikie nani?

Chukua mgahawa wa viti vinane, mpishi mmoja, na mabakuli makubwa yaliyopangwa juu ya kaunta: bilinganya zilizopikwa zikalegea, majimbi, figili nyeupe, pilipili za kijani za Manganji. Watu wa Kyoto huita chakula hiki obanzai, mapishi ya nyumbani ya kila siku. Msafiri asiyekula nyama wala samaki akiiona kaunta hiyo hudhani amefika. Kumbe karibu kila bakuli lina samaki asiyeonekana.

Samaki huyo yumo kwenye dashi, maji ya ladha ambayo mapishi mengi ya Kijapani huanzia. Dashi iliyozoeleka hutengenezwa kwa mwani mpana uitwao kombu na kwa katsuobushi, yaani jodari mdogo aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa hadi akawa mgumu kama ubao, kisha akaparuzwa vipande vyembamba kama karatasi. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni karibu milioni 37, na Kyoto ni kati ya miji wanayoikimbilia zaidi. Mgahawa unaojitangaza kuwa wa mboga umtoe samaki huyo kwa ajili yao, au umwache?

Wanaotaka aachwe wana hoja nzito. Mji wa Kyoto hauna pwani, na kwa karne nyingi samaki wengi waliofika huko walikuwa wakavu au waliotiwa chumvi. Enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, meli za biashara ziitwazo kitamaebune zilileta shehena kutoka kaskazini, Hokkaido: kombu, pamoja na nishin na bodara, samaki wa bahari baridi waliokaushwa kama ng'onda. Wapishi wa Kyoto wakawafungisha ndoa samaki hao na mboga zao, nishin na bilinganya, bodara na majimbi ya ebi-imo. Mapatano hayo yana jina lake, deaimon, vitu vilivyokutana vikafaana. Bilinganya hunywa mafuta ya nishin, na ladha kali ya samaki hutulia. Anayempa mgeni sahani hiyo bila nishin, akaiita chakula cha Kyoto, anamnyima kile alichokisafiria. Hapo sina ubishi nao.

Kwenye dashi, hata hivyo, hoja yao inalegea. Dashi isiyo na samaki haikuletwa na watalii. Mahekalu ya Zen, tawi la dini ya Buddha, huko Kyoto yamepika shojin, chakula cha watawa, kwa kombu na uyoga mkavu wa shiitake kwa mamia ya miaka, na mtawa Dogen aliandika mwongozo mzima wa kazi ya mpishi wa hekalu mwaka 1237. Tena mwanakemia Kikunae Ikeda, mzaliwa wa Kyoto, aliitafuta ile ladha nono ndani ya kombu, na mwaka 1908 akaipa jina la umami. Mpishi anayetegemea kombu peke yake bado yuko nyumbani.

Gharama ipo, na haifai kufichwa. Dashi ya kombu tupu hutaka mwani mwingi na mzuri zaidi, na mavuno ya kombu wa asili Hokkaido yamepungua huku bahari ikizidi joto. Mgahawa wa viti vinane huhisi kila gramu. Jirani mzee aliyezoea harufu ya katsuobushi naye ataonja na kusema supu imepwaya. Akiacha kuja, mapishi ya nyumbani yatabaki kuliwa na wapita njia tu, na hilo lingeniuma.

Tena wasafiri hawafanani. Mwislamu kutoka Zanzibar au Mombasa hana tatizo na jodari. Lake ni mirin na sake, vileo vinavyotiwa kwenye mboga kuleta utamu na harufu. Maneno "bila samaki" ukutani hayamsaidii chochote. Anachohitaji ni kuambiwa kila bakuli lina nini, na kwa kaunta fupi kama hiyo, kadi moja mbele ya kila bakuli inatosha.

Kinachonishawishi zaidi ni mpangilio wa kazi yenyewe. Kombu hulowekwa usiku kucha, asubuhi maji hupashwa polepole, na mwani hutolewa kabla hayajachemka usije ukatoa uchungu na utelezi. Katsuobushi hutiwa baada ya hapo. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa dakika chache, mpishi wa Kyoto anakuwa na sufuria nzima ya dashi isiyo na samaki, ya rangi ya dhahabu hafifu. Achote nusu, aiweke kando kwa figili na pilipili, na iliyobaki aitie jodari wake kwa ajili ya jirani.