Mshahara wa kusoma gazeti

Mhasibu mmoja hapa Kampala aliniuliza, nusu utani, kwa nini kampuni yake imlipe afisa uhusiano ili asome magazeti ya New Vision na Bukedde mpaka saa nne asubuhi. Swali si la kijinga. Wapo maafisa wanaosema "nafuatilia habari" huku kidole kikizunguka TikTok, na mwisho wa mwezi hawana cha kuonyesha. Wapo pia wanaofuatilia kupita kiasi, ambao kila linalovuma lazima kampuni itie neno. Aprili 2023 watu walipoanza kuweka Twitter picha za mashimo ya barabara za Kampala, kilichoanza kama kejeli kikawa shutuma dhidi ya serikali ndani ya siku chache. Kampuni iliyodandia kwa mzaha siku ya kwanza ingejikuta ndani ya siasa siku ya tatu.

Lakini mhasibu anahesabu saa za kusoma tu. Hasara ya kutosoma haina safu kwenye vitabu vyake.

Jumamosi ya 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jalala la taka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka na kufukia nyumba na watu. Waliokufa walipita 30. Kampuni moja niliyokuwa naisaidia ilikuwa imeshapanga tangu Ijumaa ujumbe wa mtandaoni wa Jumapili ujitume wenyewe: wikiendi hii, zika mawazo yako. Asubuhi ile ya Jumapili watu walikuwa bado wanachimbua miili. Aliyeandika hakuwa na ubaya wowote, na Ijumaa maneno yale yalikuwa mazuri tu. Yaliharibika Jumamosi, yakiwa yamekaa kwenye programu, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuamka na kuuliza nchi imelalaje. Ujumbe ulifutwa baada ya dakika arobaini. Picha za skrini walizopiga watu, bila shaka, hazikufutwa. Wiki mbili zilizofuata timu nzima ilishinda ikipigia simu wateja na kuomba radhi. Saa hizo mhasibu alizilipa bila kuuliza.

Hilo ndilo linalonikera katika mjadala huu. Tunadhani afisa anasoma habari ili apate la kusema, wakati mara nyingi anasoma ili ajue la kuondoa.

Kuna na faida ya kujipanga mapema. Januari 2021 Facebook ilifungwa siku chache kabla ya uchaguzi, kisha intaneti yote ikazimwa kwa takriban siku tano. Aliyekuwa akifuatilia mvutano wa serikali na Facebook alikuwa ameshaandika kwenye daftari namba za watangazaji wa redio na za mawakala wake wa mikoani. Wengine waligundua kwamba orodha yao ya mawasiliano iko mtandaoni. Intaneti ilirudi, Facebook ikabaki imefungwa miaka na miaka, ikifikiwa na wenye VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Hata hivyo nimewahi kuletewa kutoka makao makuu ya ng'ambo mpango wa matangazo ya Uganda, nusu ya bajeti ikiwa ni ya Facebook.

Na gazeti la Kiingereza peke yake halitoshi. Uvumi unaoua bidhaa huanzia redioni, kwa Kiganda, Kinyankole au Kiacholi, na hufika magazetini umeshakomaa. (Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi, bado kinangoja zamu yake katika matangazo mengi.)

Kwa hiyo ningemlipa msomaji huyo, ila kwa sharti ambalo mhasibu atalipenda. Saa nne ikifika, ampe bosi mambo matatu mafupi: limetokea nini, linatugusa wapi, tuseme au tunyamaze. Siku nyingi ushauri wake utakuwa tunyamaze, na siku hizo pia alipwe.