B840 si mkubwa wa B650

Hivi haya majina ya madabodi, yale mabodi makuu ya kompyuta, huwa wanayapanga usiku wa manane? Unataka tu ya bei ya kati, ya soketi ya AM5, uifungie Ryzen yako mpya, prosesa ya AMD. Unakutana na B650, B650E, B840, B850. Ungedhani B840 inaizidi B650, si namba ni kubwa? Thubutu! B840 hata kuovakloki prosesa, yaani kuikimbiza kupita kasi yake ya kiwandani, hairuhusu, na chipseti yake (chipu inayounganisha vifaa kwenye bodi) imeishia PCIe 3.0, njia ya data ya kizazi cha zamani.

Haya, umechagua. Boksi limejaa sifa za mataa ya rangi. Kumbe ndani ya kitabu cha maelekezo, kwa herufi za sisimizi: ukichomeka SSD, ile diski ya kasi, kwenye tundu fulani la M.2, matundu mawili ya SATA ya kuchomekea diski nyingine yanazimika. Jamani, hilo lingeandikwa juu ya boksi mngepungukiwa nini? Na Wi-Fi utaongezea hela.