Spea ya Mapambo

Jana jioni, nikiwa nimechuchumaa kando ya gari langu lililopandishwa juu ya magogo bila gurudumu la nyuma kushoto, bwana mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake alisimama, akatazama, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaniuliza kwa adabu zote kwa nini ninahangaika ilhali spea ninayo pale nyuma, juu ya buti. Huyo ni mtu wa tatu juma hili. Wa kwanza nilimweleza kwa utulivu, wa pili nilimweleza kwa ufupi, na huyu wa jana nilimkaribisha aivue mwenyewe.

Kwa kuwa heshima yangu katika mtaa huu wa Columbus, Ohio, imekwisha kuguswa, naomba niseme mbele ya umma kwamba lile duara lililo juu ya buti la gari langu, Valiant ya mwaka 1960, si spea. Ni bati lililofinyangwa likafanana na kifuniko cha tairi. Virgil Exner, aliyekuwa mkuu wa wabunifu wa Chrysler, kampuni iliyolitengeneza, alipenda mno umbo hilo la magari ya kifahari ya zamani, akalitia hata kwenye gari dogo la watu wa kipato cha kawaida, na Wamarekani, ambao midomo yao haina breki, wakaliita kifuniko cha choo. Spea ya kweli imelala ndani ya buti, chini kabisa, chini ya kila kitu ambacho mama watoto ameamua kwamba hakifai kukaa sebuleni.

Pancha ilinikuta Jumamosi kwenye barabara kuu ya kwenda Dayton, nikiwa na shemeji yangu aliyekuja kututembelea, mtu ambaye kwa miaka mingi ameendesha Fuso kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na ambaye tangu tuondoke nyumbani nilikuwa nikimhutubia juu ya ubora wa magari ya Kimarekani. Nilitoa magunia mawili ya nguo za kutuma nyumbani, jiko la mkaa, ndoo ya unga na viatu vya watu nisiowajua, ndipo nikaiona spea. Gia za gari hili ni vitufe, na miongoni mwa vitufe hivyo hakuna cha kuegeshea, kwa hiyo kabla ya kupiga jeki sharti utafute jiwe la kuzuia gurudumu, nami naomba mtu yeyote anionyeshe jiwe kando ya barabara kuu za Ohio. Tulitumia jiko.

Shemeji alinyoosha mkono kupokea spana. Nikamwambia, "Shemeji, wewe ni mgeni, pumzika." Akakaa juu ya gunia.

Niliishika spana kwa mikono miwili, nikaisukuma kulekule ambako wanadamu wote husukuma wanapofungua nati, na nati haikutikisika. Nikaikanyaga. Nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili, nimeshikilia paa, huku malori yakinipita karibu na makalio kwa upepo uliotaka kunivua shati. Baada ya dakika arobaini za kujidhalilisha hivyo nilipiga simu ya huduma ya dharura, akaja kijana mchangamfu mwenye mashine ya kufungulia nati, akaitazama Valiant, akaniuliza kama ilitoka Urusi. Aliibana mashine kwenye nati ya kwanza. Ikanguruma, gari likatetemeka, jiko likalia, kisha tukasikia "tak!" na bolti ikakatika. "Kutu, bwana," akasema kwa sauti ya daktari anayeleta habari mbaya. Nilikubali kwa kichwa kama mtu anayeelewa mambo ya kutu. Akaenda nati ya pili kwa nguvu kubwa zaidi. "Tak!" Kutu tena.

Hapo shemeji, ambaye muda wote alikuwa akitafuna karanga, aliweka ganda chini taratibu, akasema, "Shemeji, mimi sitaki kuingilia mambo ya wenye nchi, lakini upande wa kushoto si unafunguliwa kinyume, kama Fuso?"

Kumbe ndivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chrysler walikuwa wakifunga magurudumu ya upande wa kushoto kwa nati za kinyume, kwa hofu kwamba mzunguko wa gurudumu ungezilegeza njiani zikaanguka, na ili mtu asipotee wakachonga herufi L, yaani "left", kushoto, kwenye ncha ya kila bolti, herufi ambayo mimi nilikuwa nimeitazama kwa dakika arobaini nikidhani ni jina la kiwanda. Shemeji alifungua nati tatu zilizobaki kana kwamba anafungua soda. Nayo spea haikuwa na upepo.

Basi nikahitaji bolti mbili tu. Niliingia kwa wakala mmoja wa magari, mahali penye sakafu inayong'aa na kahawa ya bure, na kijana wa kaunta akaniomba namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17. Nilimweleza kwamba utaratibu huo ulianza na magari ya mwaka 1981, na kwamba langu lina namba fupi. Akasema kompyuta haikubali fupi. Akauliza kama ni Plymouth, chapa nyingine ya Chrysler. Nikamwambia kwamba mwaka 1960 Valiant ilikuwa chapa inayojitegemea ingawa iliuzwa na mawakala wa Plymouth, kwamba mwaka uliofuata ndipo ikaitwa Plymouth, huku mawakala wa Dodge, chapa nyingine ya kampuni hiyohiyo, wakipewa gari lilelile lenye sura nyingine na jina la Lancer, na kwamba Plymouth yenyewe ilizikwa mwaka 2001. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka kuona gari jipya kwa mkopo. Nilifungua buti lake, nikainua zulia. Hapakuwa na spea hata kidogo. Palikuwa na chupa ya gundi ya kuzibia pancha na pampu ndogo ya umeme.

Mzee wa jirani, mwenye gari la Corvair la mwaka 1961, alinicheka mpaka akakohoa, kama vile yeye anaendesha gari la maana. Spea yake inakaa pamoja na injini, huko nyuma, ikiota joto, na matairi yake ya mbele yanataka upepo wa paundi 15 tu ilhali ya nyuma yanataka 26, jambo linalomfanya agombane na kila anayemgusia pampu. Ndiye aliyeniambia kwamba mwaka 1952 na 1953 Sears, maduka yaleyale yaliyouza makoti na mashine za kufulia, yaliuza pia gari dogo la Henry J kwa jina la Allstate, likiwa na matairi na betri za Allstate. Mtu aliingia kununua soksi akatoka na gari, na mimi siwezi kutoka na bolti.

Bolti nimeziagiza kwa posta kutoka kwa mpenzi mmoja wa magari ya zamani, na bahasha imefika asubuhi hii. Nimezigeuza ncha zote mbili, nimevaa miwani, nimemwita shemeji naye azitazame. Zimeandikwa R.