Mama mkwe aliuliza kama tumefuga nyuki ukutani

Nianze na aibu yangu. Mama mkwe alikuja kututembelea mwezi wa nne, akakaa sebuleni, na kwa vile macho yake hayapendi mwanga mkali nikaenda kwa ile dima mpya, ile swichi ya kupunguza mwanga, nikapunguza taa, huku nikijiona baba mwenye nyumba wa maana kabisa. Taa zikaanza kucheza kama za disko matanga, alafu ukutani kukawa na sauti zzzzzz. Mama akanyamaza kidogo, akauliza pole pole, "Baba Tasha, kwani mmefuga nyuki humu?"

Siku tatu nzima nilikuwa namlaumu fundi wa stima. Nikampigia simu kwa ile sauti ya mtu anataka pesa yake irudi, akaja, akafungua swichi, akaangalia waya, kila kitu kiko sawa. Hakubishana na mimi. Akatoa balbu moja nzee ya halojeni kwa begi, akang'oa LED moja kwa siling'i, akaweka hiyo nzee, akawasha. Kimya. Taa zote sita zikapungua vizuri kama za hoteli. Nikamwangalia kama mganga.

Kumbe si uganga, ni hesabu. Nyuma ya dima yangu imeandikwa wati 60 hadi 400, na mimi sijawahi kuwaza hiyo 60 inafanya nini hapo, nilikuwa naangalia 400 tu nikisema hii ni kubwa, itabeba. Hiyo 60 ndio kiwango cha chini, dima ikipata mzigo mdogo kuliko huo inababaika, inawaka na kuzima, haishiki. Sasa piga hesabu ya siling'i yangu: LED sita za wati 5, jumla 30. Enzi za spoti za halojeni za wati 50, sita zilikuwa wati 300 na hakuna mtu alisikia nyuki. Fundi alipoweka hiyo moja ya wati 50 mzigo ukafika 75, dima ikatulia. Lakini ebu ona huo ujinga, nilinunua LED nipunguze tokeni, alafu balbu moja peke yake inakula kuliko zile zingine tano zikijumlishwa mara mbili kamili. Nikamwambia toa hiyo kitu.

Na mzigo ni nusu tu ya shida. Hizi dima za kawaida zilitengenezewa balbu za waya, zile za zamani na hata za halojeni, ambazo zinawaka kwa waya mdogo ndani ukipata moto. Stima yetu ni herzi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi lina nusu mbili, kwa hivyo dima inaikata mara 100 kila sekunde, inakata ule mwanzo wa kila nusu, alafu inaiachilia ghafla. Balbu ya waya haijali, waya ukishapata moto haupoi kwa muda mfupi hivyo, jicho lako halioni kitu. LED nayo ina kasakiti ndani, na hako kasakiti kakipigwa hiyo stima ya ghafla mara 100 kwa sekunde ndio kanalia, na dima yenyewe kule ukutani nayo inalia. Kama balbu si ya dimabo, yaani haikutengenezwa ipunguzwe na dima, ni mbaya zaidi, manake hako kasakiti kazi yake ni kuhakikisha mwanga haubadiliki hata stima ikipanda na kushuka, wewe unakaambia punguza, kenyewe kanapigana na wewe. Ikifa baada ya miezi miwili usishangae.

Dawa iko na si ya ajabu: balbu zilizoandikwa dimabo kwa boksi, zote za aina moja (usichanganye, moja itazima wakati ingine bado inang'aa), na dima ile inaitwa treilingi eji, ambayo inakata mwisho wa wimbi badala ya mwanzo na kiwango chake cha chini huwa ni wati chache tu. Ni ghali zaidi, sikatai. Na ile namba kubwa ya wati kwa dima usiiamini kwa LED, mara nyingi ni ya balbu za waya, ya LED huwa ndogo sana, angalia kama imeandikwa kando. Alafu dima nyingi nzuri ziko na kiskrubu kidogo cha kuweka mwanga wa chini kabisa, zima stima kwa mein swichi kwanza ama uitie fundi, kinarekebishwa mpaka taa ziache kucheza pale chini. Yangu ilichukua dakika tano.

Sasa kilichonifanya niandike. Nairobi hii, uende Luthuli, uende River Road, uende hata kwa hadware ya mtaani, hakuna mtu hukuuzia balbu bila kukutestia. Ni desturi yetu na ni nzuri sana, wana ile bodi ya mbao yenye holda, anachomeka, inawaka, unalipa. Lakini wanatestia kwa stima kamili tu! Mbona wasifunge dima moja hapo kwa hiyo bodi? Dima moja tu. Mteja akisema nataka ya kupunguza, unachomeka, unazungusha, kama inacheza inachezea hapo dukani mbele ya macho yetu wote, si kwangu mbele ya mama mkwe. Niliuliza jamaa mmoja hivyo wakati nanunua dima ya pili, akacheka akaniambia, "Boss, nikifanya hivyo nitauza nini?" Angalau alisema ukweli.

Kitu kingine, na hapa najua nitapigwa mawe: tuache hizi taa nyeupe pe za 6500 sebuleni (hiyo ni namba ya rangi ya mwanga, iko kwa boksi na herufi K, ikiwa ndogo mwanga unakuwa wa manjano zaidi). Balbu ya waya ukiipunguza inakuwa nyekundu nyekundu kama makaa, inapendeza, LED ya kawaida inabaki rangi ile ile tu ila hafifu, kwa hivyo nyeupe ikipunguzwa unakaa kama uko duka la dawa saa nane usiku. Chukua 2700 ama 3000.

Sebule sasa iko sawa. Imebaki ya korido, hiyo haina hata dima, lakini ukiizima inabaki inang'aa kidogo usiku kucha, na fundi alipopima akapata aliyejenga hii ploti alipitisha swichi kwa nyutro (waya wa kurudisha stima) badala ya laivu (ule wa kuileta), kumaanisha holda iko na moto hata swichi ikiwa imezimwa. Nimekataza watoto kuigusa. Keateka amesema wataletwa mafundi Jumamosi. Hajasema Jumamosi gani.